Bata Aliyeilinda Mbegu: Somo la Kikwajuni la Wakati wa Vita

Wiki iliyopita nilipita bonde la Mwera kuangalia matayarisho ya mashamba, na nikawauliza wakulima suali moja: "Mbegu ya mwaka huu iko wapi?" Nilijibiwa kwa njia tatu. Wachache walinionesha dumu lao. Wengi waliniambia wanasubiri mbegu ya serikali. Na baadhi walicheka kidogo, wakatazama chini, wakasema, "Bwana shamba, tulishaila."

Leo sitaanza na vipimo vya mbolea kama kawaida yangu. Nitakusimulia habari ya nyumba yetu, Kikwajuni, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu suali hilo la mbegu liliwahi kuulizwa pale na jibu lake ndilo lililotulisha. Ukimaliza kusoma, utaona pia kwa nini nimeacha kuwaambia watu wauze bata wao.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa na miaka minane mwaka 1942. Walikaa Kikwajuni sehemu ya bondeni, kwenye nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Hapo ni kabla ya Mapinduzi ya 1964 na kabla ya fleti unazoziona leo. Baba yake alikuwa mchukuzi bandarini. Mama yake alikuwa na kipande cha mpunga Mwera, kama robo eka, na uani alifuga bata. Mvua ikinyesha, maji yalisimama nyuma ya nyumba. Majirani walilalamika, lakini bata walifurahi.

Wazanzibari tangu zamani ni watu wa wali. Lakini mchele mwingi tuliokula haukutoka kwetu. Ulikuja kwa meli, na sehemu kubwa ulitoka Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar. Zama zile Burma ilikuwa inauza nje mchele mwingi kuliko nchi yoyote duniani. Sisi tulilima karafuu na nazi, tukauza, tukanunua mchele. Hesabu ilikuwa nzuri maadamu meli zinakuja.

Machi 1942 jeshi la Japani liliiteka Rangoon, bandari kuu ya Burma. Siam na Indochina, kwengine kulikotoka mchele, nako kulikuwa chini ya mkono wa Japani. Hapa Unguja hakuna askari wa Japani aliyetia mguu. Serikali ilikuwa ile ile, Seyyid Khalifa bin Haroub kwenye kiti na Waingereza nyuma yake. Lakini nchi iliyotekwa maelfu ya maili kutoka hapa ndiyo iliyokuwa ghala letu, na ghala likifungwa njaa inamfika hata yule ambaye hajasikia mlio wa bunduki. India nako, Bengal, mwaka 1943 watu kwa mamilioni walikufa kwa njaa. Na vijana wa Afrika Mashariki, askari wa Keya, walipelekwa mwaka 1944 kupigana kwenye mabonde ya Burma hiyo hiyo.

Bibi hakuyajua hayo yote. Alichokijua ni kadi.

Serikali ilileta mgao, na kadi za mgao zilifuata asili ya mtu. Walioandikwa Waarabu na Wahindi walipata mchele. Walioandikwa Waafrika walipewa zaidi unga wa mahindi. Kikwajuni watu walikaa mlango kwa mlango, wakisali msikiti mmoja, watoto wao wakicheza pamoja, lakini ikifika siku ya mgao huyu anarudi na mchele na yule anarudi na sembe. Bibi aliniambia kuwa njaa aliisahau, ila foleni ile hakuisahau. Alisimama na kifuko chake mbele ya rafiki yake waliyekuwa wakicheza naye, kila mmoja akitiliwa kitu tofauti. Nakwambia hili kwa sababu ni sehemu ya historia ya chakula chetu. Anayetegemea mkono wa mwengine kula, hupangiwa pia ale nini.

Kwa hivyo kile kipande cha Mwera, ambacho kabla ya vita kilikuwa kama nyongeza tu, kiligeuka kuwa ndicho hasa. Serikali nayo ilikuwa ikihimiza watu walime chakula zaidi. Mama yake bibi hakungoja kuhimizwa. Alitoka Kikwajuni kabla ya alfajiri kwa miguu, jembe begani, mtoto mkononi, na wakati wa kupanda alibeba bata kwenye tenga kichwani. Watu walimcheka njiani. Wakati wa kuamia ndege walilala huko huko kwenye kibanda. Bata waliachiwa kwenye maji baina ya mistari, mpunga ukiwa bado mchanga. Walikula panzi, viwavi, konokono na magugu machanga, na kinyesi chao kilibaki shambani. Mpunga ulipoanza kutoa masuke, bata walifungiwa. Ulipovunwa, walirudishwa kuokota punje zilizoanguka. Hakuna aliyemfundisha. Alifanya hivyo kwa sababu hakuwa na cha kuwalisha mjini.

Sasa nifike kwenye mtungi.

Kila mavuno mama yake bibi alichagua masuke mazuri kwa mkono, akayakausha, akayapukusa, akatia mbegu kwenye mtungi pamoja na jivu, akaufunga kwa kitambaa na kuukandika udongo mdomoni. Mtungi ulikaa chini ya kitanda chake. Ulikuwa na pishi sita hivi. Watoto walikatazwa hata kuuegemea.

Mwaka wa pili wa shida ile, miezi michache kabla ya masika, alifariki kaka wa baba yake bibi. Mpunga wa chakula ulikuwa umekwisha. Jamaa walikuwa wanakuja kutoka shamba kwa ajili ya hitima, na hitima ya Kiunguja bila wali ilikuwa aibu kubwa. Baba yake bibi alisema mtungi ufunguliwe. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amefiwa, na alitaka kumzika ndugu yake kwa heshima.

Mama yake bibi alimjibu neno ambalo nyumbani kwetu linasemwa mpaka leo: "Huo si mchele. Huo ni mwaka kesho."

Walinyamaziana usiku ule. Asubuhi alikamata bata watatu kati ya tisa, akawafunga miguu, akapeleka kwa jirani aliyekuwa na kadi ya mchele. Jirani yule alikuwa na mchele lakini kitoweo kilikuwa adimu kwake kama kwa wengine. Walikubaliana. Hitima ilisomwa, wali ukapikwa, mdogo lakini ulitosha kila mgeni kupata tonge. Mtungi haukuguswa. Masika yalipofika mbegu ilipandwa Mwera, na bibi anasema mwaka ule walikula wali wao wenyewe kwa miezi kadhaa, wakati wengine waliokula mbegu walikuwa wakitafuta pishi moja ya kupanda bila ya kuipata hata kwa pesa. Vita vilikwisha 1945, lakini mgao haukuondoka siku ile ile. Mtungi uliendelea kujazwa.

Nimeisikia hadithi hii tangu niko skuli ya msingi. Na pamoja na kuisikia, nilikwenda chuoni, nikapata diploma yangu, nikaajiriwa, kisha nikafanya kinyume chake.

Mwaka 2022 nilimtembelea mama mmoja anayelima bonde la Cheju. Alikuwa na bata kama kumi na wawili na walikuwa wamemvurugia kitalu cha mpunga. Nilimwambia, kwa ujasiri wa mtu aliyesoma, "Mama, bata hawa wachafu, uza wote, nunua mbolea." Alinisikiliza. Aliuza. Mbolea alinunua, na msimu ule mavuno yalikuwa mazuri, nami nikamtaja kwenye ripoti yangu.

Julai 2023 India ilizuia kuuza nje mchele mweupe wa kawaida. India ndiyo inayouza nje mchele mwingi kuliko nchi yoyote kwa sasa, kama Burma ya zamani. Bei ya dunia ikapanda, na duka la mtaani nalo likafuata. Mwisho wa mwaka mtoto wa yule mama akaugua. Hakuwa na mbuzi, hakuwa na kuku wa kutosha, na bata nilishamuuzisha. Alikuwa na magunia mawili ya mpunga, moja la kula na moja la mbegu. Aliuza la kula kwa matibabu, wakala la mbegu.

Nilipomkuta mwanzoni mwa 2024 alikuwa anatafuta mbegu. Alinunua kwa mtu, kwa bei ya juu, na ilikuwa mchanganyiko: mingine ikatoa masuke mapema, mingine ikachelewa, ndege wakala ya mwanzo na ya mwisho ikakosa maji. Hakunilaumu. Aliniambia tu, "Bwana shamba, wale bata wangelikuwepo." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetazama kitalu kilichovurugwa, sikutazama nyumba nzima. Ile ingekuwa kazi ya wavu wa mita chache tu.

Ndiyo maana nakuandikia. Mkulima mdogo hali mbegu yake kwa ujinga. Huila kwa sababu shida imekuja na hana kitu chengine kidogo cha kuuza. Ukitaka mbegu yako ibaki, weka mbele yake kitu kitakachouzwa kabla yake. Kwetu Kikwajuni kitu hicho kilikuwa bata. Kwako kinaweza kuwa kuku au mbuzi, lakini kwa mwenye bonde la maji, bata ana faida mbili, kwa sababu anafanya kazi pale pale kwenye mpunga.

Haya sasa, tuingie kwenye vitendo.

Kwanza, mbegu. Kwa anayepandikiza miche, kilo 10 hadi 15 zinatosha eka moja. Anayemwaga atahitaji 30 au zaidi. Itenge siku ya kupura, kabla hujapeleka hata pishi moja mashineni. Kausha mpaka punje ukiiuma kwa meno inavunjika kwa mlio, haibonyei. Tia kwenye dumu safi kavu lenye kifuniko cha kubana, lijaze mpaka juu pasibaki hewa nyingi, andika jina la mbegu na mwezi wa kuvuna. Weka juu ya ubao, si kwenye sakafu.

Kabla ya kupanda, chuja mbegu kwa maji ya chumvi. Koroga chumvi kwenye ndoo mpaka yai bichi lililo jipya lielee na kuonesha kipande kidogo juu, kama sarafu. Toa yai, mimina mbegu, koroga. Zinazoelea ni pepe, wape bata. Zilizozama ndizo mbegu. Zioshe kwa maji safi mara mbili au tatu chumvi itoke.

Pili, bata. Anza na majike wanne na dume mmoja. Bata wetu wa kienyeji, wale wenye vinundu vyekundu usoni, huatamia wenyewe, na mayai yao huanguliwa kwa siku 35 hivi, si 21 kama ya kuku. Wengi hukata tamaa wiki ya nne wakayatupa mayai mazima. Subiri. Vifaranga wafunike kwa wavu wiki za mwanzo, maana kunguru hawa walioletwa kutoka India miaka ya 1890 hawana huruma. Usiku wafungie, kuna paka na kicheche. Bata huvumilia mdondo kuliko kuku, lakini anaweza kuubeba, kwa hivyo kuku wako wachanje kama kawaida.

Tatu, bata ndani ya mpunga. Mjapani mmoja mkulima, Takao Furuno wa Fukuoka, alianza mwaka 1988 kuachia vifaranga wa bata kwenye mpunga wake badala ya dawa, na njia yake ikasambaa nchi nyingi za Asia. Bibi nilipomwambia kuwa Wajapani ndio wanaosifiwa kwa hili, alicheka mpaka akakohoa. Njia yenyewe ni hii:

1. Pandikiza kwa mistari, bata apate njia ya kupita.
2. Subiri wiki mbili hadi tatu miche ishike mizizi. Ukiwaingiza mapema watang'oa. Kitalu kizungushie wavu daima.
3. Ingiza vifaranga wa wiki mbili au tatu, si bata wakubwa. Wakubwa hukanyaga na kuvunja miche.
4. Kwa robo eka, vifaranga 15 hadi 20 wanatosha. Kwa eka nzima, 60 hadi 80.
5. Maji yawe na kina cha sentimita 5 hadi 10, waweze kuogelea na kuchokora tope.
6. Wape pumba kidogo jioni, mahali pamoja, wazoee kurudi bandani.
7. Masuke yakianza kutoka, watoe wote siku hiyo hiyo. Usiseme kesho.
8. Usipige dawa ya wadudu shamba lenye bata, na zungumza na jirani wa juu ya maji.

Hilo la mwisho nimelilipia. Masika ya 2024 nilijaribu kwenye kipande chetu cha Mwera na vifaranga 18. Sikuzungumza na wa juu. Akapiga dawa, maji yakateremka, asubuhi nikakuta sita wamekufa. Kosa lilikuwa langu, yeye hakujua. Kumi na wawili waliobaki walimaliza kazi. Palizi iliyokuwa ikituchukua mara mbili tuliifanya mara moja tu, nyepesi.

Neno moja la afya: bata wanakula konokono, na konokono wa maji ndio wanaobeba kichocho kwenye mabonde yetu. Lakini usijidanganye kuwa bata wamekumalizia kichocho. Vaa viatu vya mpira, na ukiona damu kwenye mkojo nenda kituo cha afya.

Nne, hesabu ya nyumba. Chukua karatasi. Nyumba inayopika kilo moja ya mchele kwa siku inahitaji kilo 365 kwa mwaka. Mpunga ukikobolewa hutoa kama kilo 65 za mchele katika kila 100, kwa hivyo unahitaji karibu kilo 560 za mpunga. Kipande chetu kilitoa kilo 300, yaani kama kilo 195 za mchele, miezi sita na kitu. Haikutosha mwaka, nami sitakudanganya kuwa robo eka itakutoa dukani. Lakini miezi sita si midogo siku meli zikichelewa. Iliyobaki tunajazia kwa muhogo, viazi na shelisheli, kama walivyojazia wao.

Tano, kwa wafanyabiashara. Ninyi ndio mnaoujua mwezi ambao mkulima hana kitu. Akikuletea bata mwezi huo, ukimpunja sana, mara ya pili atakuletea mbegu, na msimu ujao hutakuwa na mpunga wa kununua kwake. Nunua bata kwa bei ya haki, wanenepeshe kwa pumba, uza sikukuu na kwenye shughuli. Na tafadhali, mpunga wa gunia la mchanganyiko usiuuze kwa jina la mbegu. Yule mama wa Cheju alipoteza msimu mzima kwa gunia la namna hiyo.

Yule mama nilirudi kwake. Nilimpelekea majike wawili na dume mmoja kutoka kwetu, si kwa mradi wowote, bali deni langu. Alivicheka vile vinundu vyao, akasema hawa wabaya kuliko wa mwanzo. Mara ya mwisho nilipopita alikuwa na tisa, na dumu la mbegu juu ya kabati, limeandikwa kwa mkono wa mwanawe aliyepona: SUPA, na mwezi wa kuvuna.

Bibi bado yuko hai, macho tu ndiyo yamepungua. Nikirudi kutoka kazini huniuliza kwanza kama mvua imenyesha Mwera, kisha huniuliza kama mtungi umejaa. Siku hizi ni dumu la plastiki, lakini sijamsahihisha.

Basi kabla ya Ijumaa ijayo fanya mambo mawili. Pima mbegu yako, uandike kilo ngapi unazo. Kisha angalia uani kwako, ujiulize: shida ikibisha hodi usiku huu, nitauza nini kabla ya kuifikia mbegu? Kama huna jibu, tafuta bata wawili. Nikipita kwenu nitakuuliza, na safari hii sitacheka.

Wenu katika kazi, bwana shamba.